MPIGA ZUMARI ALIYEUNASA MWANGA USIOONEKANA: MAISHA YA MZEE WILLIAM HERSCHEL

Leo siasa tunaziweka pembeni kidogo, tumzungumzie marehemu mmoja aliyefariki miaka mia mbili na ushee iliyopita, lakini kazi yake unayo nyumbani, na huenda unayo mkononi sasa hivi. Rimoti ya TV. Kile kipimajoto walichokuwa wanakuelekezea kwenye paji la uso mlangoni wakati wa Korona mwaka 2020. Saa janja inayopima oksijeni ya damu. Hata zile simu za zamani tulizokuwa tunazibananisha kichwa kwa kichwa ili kutumiana mlio, kabla Bluetooth haijashika mji. Vyote hivyo vinatumia mwanga ambao jicho halioni, unaitwa infraredi.

Wa kwanza kuugundua mwanga huo alikuwa William Herschel, mwaka 1800. Na jamaa hakuwa profesa wala nini. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Alikuwa mwanamuziki.

Siku hizi maabara kubwa za dunia zinahangaika kutengeneza sensa za infraredi kwa kutumia kitu kinaitwa grafini, laini kiasi cha kuvaliwa kwenye ngozi kama plasta ya kidonda. Huko tutafika, msiwe na haraka. Ila sensa hizo zina tatizo moja kubwa, na ukisoma alichofanya huyu mzee utaona tatizo lenyewe alilikuta mezani kwake kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Twende taratibu.

Alizaliwa 15 Novemba 1738 mjini Hanover, Ujerumani ya leo. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga obo kwenye bendi ya jeshi. Obo ni chombo cha kupuliza cha jamii moja na zumari letu. Kijana naye akafundishwa obo na fidla, na alipofika miaka 14 akaingia bendi hiyohiyo. Basi mwaka 1757 vita vikawakuta. Wafaransa wakawachapa watu wa Hanover kwenye mapigano ya Hastenbeck, na mpiga obo katikati ya risasi unajua mwenyewe anakuwa na faida gani. Mwaka huohuo akaondoka na kaka yake Jakob kwenda Uingereza. Wako wanaompaka matope kwamba alitoroka jeshi. Ninachoweza kusema ni kwamba karatasi zake rasmi za kuachishwa zilitoka mwaka 1762, na alikuwa dogo mno, kwa hiyo hiyo kesi mimi naifunga.

Uingereza alifika kapuku. Akaanza kwa kunakili noti za muziki kwa malipo, akafundisha watoto wa matajiri, akapiga kwenye bendi za mikoani. Mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda kanisani katika mji wa Bath, mji wa chemchemi za maji moto ambako wenye pesa zao walikwenda kupumzika. Hapo mambo yakamnyookea. Kwa muziki peke yake aliwahi kupata karibu pauni 400 kwa mwaka, na enzi zile huo ulikuwa mshiko wa kueleweka. Simfoni alitunga 24.

Sasa akaingiaje kwenye nyota? Kwa njia ya kitabu. Alisoma kitabu cha Robert Smith kuhusu hesabu za sauti, akakipenda, akatafuta kingine cha mwandishi huyohuyo. Hicho kingine kilihusu mwanga na jinsi ya kutengeneza darubini. Basi, ugonjwa ukaanzia hapo.

Kabla ya darubini lazima nimtaje mtu mwingine, maana bila yeye hadithi hii haina miguu. Mdogo wake wa kike, Caroline, alizaliwa mwaka 1750. Utotoni aliugua homa kali iliyozuia ukuaji wake, na urefu wake ukaishia kama mita 1.3. Mama yake aliamua kwamba binti huyo hataolewa, kwa hiyo abaki nyumbani kama mtumishi wa familia. Mwaka 1772 William akamfuata Hanover, na ili mama akubali kumwachia, ilibidi alipie mtumishi mwingine wa kuziba nafasi yake. Yaani alimkomboa dada yake kwa pesa. Caroline akafika Bath, akajifunza kuimba akawa mwimbaji mzuri wa jukwaani, halafu kaka akageukia nyota na kazi ya muziki ya dada ikafa polepole. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Darubini za madukani zilikuwa ghali na dhaifu, kwa hiyo Herschel akaamua kujitengenezea. Vioo vya darubini zake vilikuwa vya chuma, mchanganyiko wa shaba na bati, na vilitakiwa kusuguliwa kwa mkono mpaka ving'ae bila kasoro. Aliwahi kusugua kioo kwa saa 16 mfululizo bila kuinua mikono. Caroline alimlisha mdomoni, tonge kwa tonge. Nyumba nzima iligeuka karakana. Agosti 1781 walijaribu kuyeyusha chuma cha kioo kikubwa nyumbani kwao, ndani ya kalibu iliyofinyangwa kwa kinyesi cha farasi ambacho Caroline alikuwa ametwanga na kuchekecha. Tanuru likavuja, chuma kilichoyeyuka kikamwagikia sakafu ya mawe, mawe yakaanza kulipuka kama mabomu. Kila mtu alitafuta mlango wake!

Lakini kufikia wakati huo jina lake lilikuwa limeshavuma. Tarehe 13 Machi mwaka huohuo, kati ya saa nne na saa tano usiku, akiwa kwenye bustani ya nyumba yake pale New King Street, aliona kitu ambacho hakikuwa nyota. Yeye alidhani ni kometi, ile nyota yenye mkia. Wataalamu wa hesabu walipokokotoa njia yake, ikaonekana ni sayari. Tangu binadamu aanze kutazama juu zilijulikana sayari zilezile mpaka Zohali, na sasa mpiga kinanda ameongeza moja, Uranus. Wengine walikuwa wameshaiona kabla yake, kuanzia mwaka 1690, wakaiandika kama nyota ya kawaida na kulala zao. Tofauti ilikuwa kwenye kioo, na kwenye jicho lililozoea.

Mfalme George III, ambaye pia alikuwa mtawala wa Hanover, akampa kazi mwaka 1782 kwa pauni 200 kwa mwaka. Hesabu hiyo mmeiona? Kutoka karibu 400 hadi 200. Aliacha nusu ya kipato ili atazame nyota bila kufundisha watoto wa watu fidla. Sharti lilikuwa awaonyeshe familia ya kifalme anga pale watakapopenda. Pengo akaliziba kwa kuuza darubini. Mfalme wa Hispania peke yake alilipa pauni 3,150 kwa moja, ambayo baadaye askari wa Napoleon waliiharibu kule Madrid. Caroline naye kuanzia 1787 akalipwa pauni 50 kwa mwaka na mfalme, mwanamke wa kwanza Uingereza kulipwa mshahara kwa kazi ya sayansi. Alistahili. Usiku kaka alikuwa juu ya ngazi akitaja anachoona, dada yuko chini na saa na kalamu anaandika, asubuhi anapiga mahesabu. Usiku wa 31 Desemba 1783, kwenye theluji, alikimbia gizani kurekebisha darubini akajichoma pajani na ndoano ya chuma. Nyama ilibaki kwenye ndoano. Na yeye mwenyewe kwa darubini yake ndogo aligundua kometi nane.

Mwaka 1788 Herschel alimwoa Mary Pitt, mjane mwenye uwezo, na Caroline akapoteza usimamizi wa nyumba aliyoiendesha miaka 16. Kumbukumbu zake binafsi za miaka iliyofuata alizichana mwenyewe. Tusiongeze neno.

Haya, sasa mwaka 1800. Wapo nje ya London, mji wa Slough, mzee ana miaka 61. Alikuwa anachunguza madoa ya jua. Kutazama jua kwa darubini ni kupofuka (msijaribu, jamani), kwa hiyo aliweka vioo vya rangi vya kupunguza ukali. Hapo akagundua kitu cha ajabu. Kuna vioo vilivyopitisha mwanga kidogo sana lakini jicho likahisi joto, na vingine vilipitisha mwanga mwingi bila joto la maana. Mtu mwingine angebadilisha kioo akaendelea na shughuli zake. Mzee akajiuliza kama kila rangi ina joto lake.

Akatega prizimu, kile kioo cha pembetatu, dirishani. Mwanga wa jua ukapasuka kuwa rangi za upinde wa mvua juu ya meza. Akachukua vipimajoto vyenye vichwa vilivyopakwa rangi nyeusi ili vinywe joto vizuri. Kimoja akakiweka ndani ya rangi. Vingine akaviweka pembeni kabisa, nje ya mwanga, kwenye chumba kilekile na hewa ileile.

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, wadau. Kwa nini kuweka vipimajoto mahali ambapo hupimi kitu? Kwa sababu chumba chenyewe kinabadilika. Jua linapanda, mtu anapumua karibu, mlango unafunguliwa. Ukiwa na kipimajoto kimoja tu, kikipanda nyuzi mbili hujui ni rangi imekipandisha au ni chumba. Vile vya pembeni ni mashahidi. Unasoma cha kwenye rangi, unatoa walichosema mashahidi, kinachobaki ndicho kazi ya mwanga. Urujuani ulitoa nyuzi 2 za Farenhaiti. Kijani kikatoa 3 na robo. Nyekundu ikatoa karibu 7. Kwa kipimo chetu cha Selsiasi hiyo nyekundu ni kama nyuzi 3.8. Ni joto dogo sana. Bila mashahidi lingepotea.

Na kwa kuwa joto lilikuwa linapanda kuelekea nyekundu, akaendelea kusogeza. Akakiweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali ambapo macho yanaona meza tu. Kikapanda! Tena kwa kulinganisha majaribio yake akaona kilele cha joto kiko huko nje, baada ya rangi kuisha. Upande wa pili, nje ya urujuani, hakupata kitu.

Tunajua leo kwamba kilele hicho kilichangiwa na prizimu yenyewe, kwa kuwa inabana mionzi ya upande wa nyekundu pamoja kuliko ya upande wa urujuani. Haidhuru. Mwanga usioonekana ulikuwepo, na akaendelea kuthibitisha kwamba unarudishwa na vioo na kupindwa na lenzi kama mwanga wa kawaida, uwe umetoka kwenye jua, mshumaa au chuma cha moto. Mwaka huohuo Royal Society ikachapisha makala zake nne. Jina infraredi lilikuja baadaye sana, yeye aliita mionzi ya joto.

Sio kwamba alipatia yote. Mwanzoni alidhani mwanga na joto hili ni kitu kimoja, ila jicho letu ndilo lenye mipaka. Alikuwa sahihi kabisa! Halafu akafanya vipimo zaidi, vikamchanganya, akabadilika na kusema ni vitu viwili tofauti. Akaiacha kweli akiwa ameishika mkononi. Na huyuhuyu mwaka 1795 alikuwa ameandika kwamba jua huenda lina wakazi. Mnacheka, lakini jamaa alikuwa serious. Wapinzani nao hawakukosa: John Leslie, mtaalamu wa joto kutoka Scotland, alidai ni hewa ya moto tu iliyozunguka mezani. Ilichukua miongo kadhaa na vipimo vikali zaidi watu kukubaliana.

Turudi sasa kwenye mkono wako. Wewe mwenyewe unatoa infraredi muda huu, hapo ulipokaa kwenye kompyuta. Kila kitu chenye joto kinatoa. Ngozi ya binadamu inatoa zaidi kwenye mawimbi ya mikromita 9 au 10 hivi, wakati nyekundu inayoonekana inaishia karibu na 0.7. Kipimajoto cha paji la uso kinasoma hiyo ya mbali. Saa janja inatumia ya karibu, ileile jirani ya nyekundu ambayo Herschel aliinasa: inamulika ndani ya ngozi, damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinanyonya mwanga huo kwa viwango tofauti, saa inapiga hesabu.

Tatizo ni kwamba sensa zilizozoeleka ni ngumu kama kigae. Silikoni inaona infraredi mpaka mikromita 1.1 tu. Ukitaka mbali zaidi unahitaji madini mengine ya bei mbaya, yanayovunjika, na mengine lazima yapozwe kwa baridi kali. Huwezi kuyavaa kiwiko kikakunjika.

Ndipo inapoingia grafini. Ile nyeusi ya penseli ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja peke yake, unene wa atomu moja, ndiyo grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester waliitenga mwaka 2004 kwa kubandua kwa selotepu, wakapata Nobel mwaka 2010. Inapinda, ina nguvu, inapitisha umeme vizuri mno, na inanyonya mwanga wa rangi zote, infraredi ikiwemo. Ila kwa kuwa ni nyembamba hivyo, inanyonya asilimia 2.3 tu, unaobaki unapita zake. Kwa hiyo watafiti huipaka chembe ndogo sana za kunyonya mwanga. Mwaka 2019 taasisi ya ICFO ya karibu na Barcelona ilionyesha bangili ya namna hiyo, inapinda, inapitisha mwanga kama plastiki angavu, na ilisoma mapigo ya moyo kwa kutumia mwanga uliopo chumbani bila kuwasha taa yake yenyewe. Betri inapumua.

Sasa lile tatizo nililowaahidi. Grafini hupitisha umeme hata gizani, hakuna mwanga wowote lakini mkondo upo. Na sensa iliyobandikwa kwenye ngozi inapashwa joto na ngozi yenyewe, na jua, na shati. Unachotaka kupima ni kidogo, kelele inayokizunguka ni kubwa. Wahandisi wanafanyaje? Dawa mojawapo ni kuweka sensa ya pili iliyofunikwa, isiyopokea mwanga, halafu wanatoa. Kile kipimajoto cha mlangoni nacho kina kipimo kingine ndani kinachosoma joto la chombo chenyewe. Mashahidi wa Slough bado wako kazini.

Herschel alipewa heshima ya ushujaa na ufalme wa Hanover mwaka 1816, akafariki nyumbani Slough tarehe 25 Agosti 1822, miaka 83. Caroline akarudi Hanover, akakamilisha orodha kubwa ya vitu vya angani walivyoviona, ikampatia medali ya dhahabu mwaka 1828, akafa mwaka 1848 akiwa na miaka 97. Mtoto wa William, John, alikuja huku kwetu Afrika: kuanzia 1834 hadi 1838 aliishi Cape Town akichora ramani ya anga la kusini. Mwaka 1840 akapata picha ya infraredi kwa karatasi nyeusi iliyoloweshwa pombe kali. Palipopigwa na joto palikauka kwanza, picha ikajitokeza yenyewe. Na mwaka 2009 Wazungu wakarusha chombo cha angani chenye kioo cha mita 3.5 cha kutazama infraredi, wakakipa jina la Herschel. Kilifanya kazi mpaka 2013.

Kwa wabishi: chukua rimoti ya TV, fungua kamera ya simu, elekeza rimoti kwenye kamera na ubonyeze. Macho hayaoni kitu, lakini kwenye kioo cha simu kitaa cha mbele kinawaka. Baadhi ya simu zina chujio na hazionyeshi, jaribu kamera ya mbele. Ikigoma pia, tuandikieni hapo chini ni simu gani.